Jarida la siku tatu limemeza pampu zetu

Jarida la uhandisi likikujibu "makala yako imekubaliwa" ndani ya siku tatu, jua hakuna aliyeisoma. Wameangalia tu kama una pesa za kutuma. Nalisema hili sasa kwa sababu kila mwaka, msimu wa kufunga tasnifu ukifika, nawaona vijana wetu wa Msambweni, Ukunda na Kinango walioko vyuoni wakihangaika na swali moja: pepa nitaipeleka wapi itoke haraka? Msimamizi anamwambia, "Peleka popote, bora itoke." Rafiki anamtumia linki. Wiki haijaisha, cheti cha kuchapishwa kiko kwenye status na sisi tunajaza makofi na vialama vya moto. Mimi makofi yangu nimeyarudisha mfukoni.

Manake kuna kitu kinapotea pale, na wengi wetu hatukioni. Wacha nianze na pampu.

Ile pampu ya mkono unayoiona vijijini kote huku, ya chuma, yenye mpini mrefu ambao watoto huuning'inia, mara nyingi ni Afridev. Watu hudhani ni kitu cha India tu kwa sababu nyingi hutoka viwanda vya huko. Lakini historia yake imepita hapa kwetu. Mwaka 1981 UNDP na Benki ya Dunia walianzisha mradi mkubwa wa kupima pampu za mkono katika nchi nyingi, na pwani ya kusini ya Kenya ikawa mojawapo ya sehemu za majaribio. Shirika la KWAHO likawaandaa wanakijiji, akina mama hasa, wazitunze wenyewe. Wazo lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulifanya: pampu ambayo mtu wa kijijini anaifungua kwa spana moja, anatoa pistoni na vali ya chini bila kung'oa bomba zima, anabadilisha mpira, anafunga, maji yanatoka kabla ya adhuhuri. Afridev ilikomaa katika majaribio ya hapa na ya Malawi. Na mchoro wake haukufungiwa hataza. Uko wazi, kiwanda chochote duniani kinaweza kuitengeneza.

Sasa jiulize, yale maarifa ya mwanzo yalitoka wapi? Mpira unadumu muda gani, beringi ya plastiki inalika vipi, mchanga ukiingia ndani unafanya nini. Yalitoka mikononi mwa mama zetu na nyanya zetu waliopiga pampu hizo alfajiri na jioni, mwaka baada ya mwaka, huku mtu akiandika pembeni. Aliyeandika ndiye dunia inamsoma.

Mfano wa pili ni wa juzi tu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha makala katika jarida liitwalo Environmental Modelling & Software. Walichofanya, wallahi, ni kizuri sana. Walifunga kifaa kidogo cha kupima mtikisiko kwenye mpini wa pampu, hapahapa Kwale, kisha wakaifundisha kompyuta kukisia kina cha maji chini kutokana na jinsi mpini unavyotetemeka. Yaani pampu ya kijiji inakuwa kipimo cha maji ya ardhini bila mtu kuchimba kisima kipya cha kupimia. Sina ugomvi nao. Walikuja, wakafanya kazi, wakaandika, wakahakikiwa. Zipo pia makala za maji ya Kwale zenye majina ya watafiti wa Kenya, na hilo nalo tuliseme bila kinyongo. Nilicho na wivu nacho ni kitu kimoja: makala ile ipo. Ukiitafuta unaipata. Mhandisi wa Ethiopia au Bangladesh anaweza kuisoma, kuikosoa, kuijaribu kwenye visima vyake. Maji ya Kwale yameingia kwenye mazungumzo ya wahandisi wa dunia, na mlango walioingilia ni jarida lililosoma kwanza kabla ya kukubali.

Njoo sasa kwa upande wetu.

Jamaa yangu mmoja, jina namfichia, alisoma uhandisi. Alipotafuta mada ya utafiti hakwenda mbali. Alikwenda kwa fundi wa pampu, mzee wa upande wa Msambweni, ambaye kwa miaka mingi amekuwa na daftari. Daftari la kawaida la shule, jalada limechanika, limeshonwa kwa uzi wa nyavu. Ndani yake kila safari imeandikwa: tarehe, kijiji, kilichoharibika, kilichobadilishwa, nani alilipa, nani alikopa. Mpira. Beringi. Chuma cha kuvutia kimekatika. Mpira tena. Fundi alikuwa akiandika kwa ajili ya deni lake tu, lakini ukilitazama kwa jicho la mhandisi, lile ni jedwali la miaka ya uchakavu wa mashine katika mazingira halisi. Vitu kama hivyo havitoki maabara. Maabara inaweza kukuzungushia pampu usiku na mchana mpaka ichoke, ila haiwezi kukupa chumvi ya Gazi, mchanga wa kisima kilichochimbwa vibaya, na foleni ya kiangazi ambapo pampu haipumziki.

Swali la jamaa yangu lilikuwa hili: je, pampu zilizo karibu na bahari huchakaa kwa namna tofauti na zile za juu, upande wa Shimba Hills? Akaazima kipimo cha chumvi, akapanda bodaboda kisima baada ya kisima, akalinganisha na daftari. Mwaka mzima. Jibu alilolipata silisemi hapa, manake halijahakikiwa na mtu yeyote, na ndiyo maana nimekasirika.

Siku ya kutuma ikafika. Akaambiwa na mkubwa wake chuoni kuna jarida la "kimataifa", haraka, bei nafuu. Jina lake refu kama treni ya SGR: uhandisi, sayansi, teknolojia, menejimenti na ubunifu, vyote mle mle. Pesa zikatoka kwenye mbuzi wawili wa babake. Siku ya tatu: hongera, imekubaliwa. Hakuna swali hata moja. Hakuna aliyeuliza kipimo cha chumvi kilisahihishwa vipi kabla ya kutumika. Hakuna aliyeuliza kwa nini visima hivi na si vile. Jedwali moja lilikuwa na safu iliyojirudia mara mbili kwa bahati mbaya ya kunakili. Ikachapishwa hivyohivyo, mara mbili. Jina la mkubwa limekaa pale juu, la pili, na hajawahi kuiona hata pampu moja kati ya zile. Jina la fundi halimo. Si juu, si chini, si kwenye shukrani.

Miezi baadaye akapata jarida la kweli, la maji na uhandisi, linalofaa kazi yake kabisa. Akawaandikia. Mhariri akamjibu kwa adabu: kazi hii tayari imechapishwa kwingine, hatuwezi kuipokea. Ndivyo kanuni ilivyo, na ni kanuni ya haki. Ukituma makala kwenye jarida lolote la maana unathibitisha kwamba haijachapishwa kwingine wala haiko mezani kwa mhariri mwingine. Na lile jarida la siku tatu? Tovuti yake leo haifunguki. Kwa hiyo ile kazi imechapishwa kiasi cha kuzuiwa, na haipo kiasi cha kusomwa. Mwaka wa mtu, daftari la mzee, mbuzi wawili.

Wapo watakaosema namuonea huyo mwenye jarida, labda ni mchapishaji mdogo anayejikongoja. Hebu tusidanganyane. Mwaka 2005 wanafunzi wa MIT, Marekani, walitengeneza programu iitwayo SCIgen inayotunga makala za kompyuta zisizo na maana yoyote, maneno makubwa tu yaliyopangwa. Moja ikakubaliwa kwenye kongamano. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon, kwa niaba ya jarida la Science, alituma makala ya uongo yenye makosa ya wazi kwa majarida 304. Majarida 157 yaliipokea. Zaidi ya nusu! Na ili usije ukajificha nyuma ya majina makubwa, mwaka 2014 Springer na IEEE walilazimika kuondoa makala zaidi ya 120 zilizotungwa na ile SCIgen. Jina kubwa si hirizi. Hata hivyo kuna tofauti kati ya nyumba iliyoingiliwa na mwizi na nyumba iliyojengwa na mwizi.

Wanaosukuma ndio wananikera zaidi. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, katika viwango vyake vya 2014, ilitaka mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha angalau makala mbili kwenye majarida yanayohakikiwa. Nia nzuri. Lakini neno "yanayohakikiwa" likadondoka njiani, ikabaki "mbili". Mwanafunzi anahesabiwa, mhadhiri anayetaka kupanda cheo anahesabiwa, idara inahesabiwa, na pahali watu wanahesabu bila kusoma, muuza namba hawezi kukosa. Msimamizi anayemwambia kijana "popote" anajua vizuri anachosema. Yeye ana cheo, makala hiyo kwake ni mstari mmoja zaidi kwenye wasifu. Kwa kijana ni kazi ya kwanza ya maisha yake, na ndiyo itakayosomwa siku atakapoomba nafasi ya masomo au kazi. Mtu mzima anapomwelekeza mtoto wa watu kwenye njia ambayo mwanawe wa kumzaa hawezi kumpeleka, huko Pwani tuna jina lake, na si "profesa".

Najua majibu yenu. Nimeyasikia Ukunda stendi, nimeyasikia chuoni: majarida ya kweli ni ghali, ni ya wazungu, yanachelewa, Kiingereza chao kigumu.

Ghali? Hili ndilo linaloniuma zaidi, manake ni uongo unaotajirisha watu. Majarida mengi ya zamani ya uhandisi hayamtozi mwandishi hata senti. Yanamtoza msomaji au maktaba yake. Yanayomtoza mwandishi ni yale yanayoachia makala wazi kwa kila mtu, na hata hayo, baadhi ya wachapishaji wakubwa hupunguza au kusamehe ada kwa waandishi wa nchi fulani. Unauliza kabla ya kutuma, kwa barua pepe, bure. Jamaa yangu alilipa mbuzi wawili kwenda mahali pabaya wakati mahali pazuri pangeweza kumgharimu bando la intaneti tu.

Ya wazungu? JKUAT wana jarida la utafiti wa uhandisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Tanzania Journal of Engineering and Technology, na zamani kilikuwa na jarida lililoitwa Uhandisi Journal, jina la Kiswahili kabisa hata kama ndani mlijaa Kiingereza. (Siku moja nitaandika kuhusu hilo peke yake. Fundi anafikiri kwa Kidigo, anaandika kwa Kiswahili, halafu sayansi inaanza kuhesabiwa pale inapofika Kiingereza.) Kuna AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika mtandaoni tangu 1998. Kuna DOAJ, orodha ya majarida yaliyo wazi ambayo huchujwa kabla ya kuingizwa. Kuna Think. Check. Submit., maswali machache tu ya kujiuliza kabla hujabonyeza "tuma": unamjua mtu aliyechapisha pale? Wahariri wametajwa na wanapatikana? Ada imeandikwa wazi au inakuja baadaye kama bili ya hoteli ya Diani?

Yanachelewa, hiyo kweli. Miezi, wakati mwingine mwaka. Lakini hebu angalia muda ule unafanya nini. Mhariri anaangalia kwanza kama kazi yako inaingia kwenye uwanja wa jarida lake; kama umetuma pampu kwenye jarida la madaraja unarudishwa siku hiyohiyo, na kosa ni lako, hukusoma hata makala tatu walizotoa mwaka huu. Ikipita hapo inaenda kwa wahakiki wawili watatu wanaoijua mada. Hao ndio watakaouliza yale ambayo jarida la siku tatu halikuuliza. Kipimo chako ulikisahihisha kwa maji ya chumvi inayojulikana? Visima ulivichagua vipi, au ulichukua vilivyo karibu na barabara kwa sababu bodaboda ni ghali? Pampu ya karibu na bahari ina watumiaji wangapi, usije ukalaumu chumvi kumbe ni wingi wa watu? Daftari la fundi linaonyesha aliyeitwa tu. Pampu iliyoharibika na kijiji kikakosa pesa ya kumwita haimo, na wewe umeihesabu kama nzima. Hilo swali la mwisho peke yake lingebadilisha makala nzima. Inauma kuulizwa hivyo, najua, barua ya wahakiki ina kawaida ya kusomeka kama matusi yaliyovaa tai. Ila ukimjibu mmoja mmoja, kwa hoja, kazi inatoka na misuli.

Sehemu ya mbinu ndiyo vijana wanaiandika kwa haraka kuliko zote, na ndiyo roho. Iandike hivi kwamba fundi mwenzako wa Kilifi au Lamu aweze kurudia ulichofanya bila kukupigia simu. Kina cha kisima, aina ya mpira, umbali kutoka baharini na ulivyoupima, saa uliyochota maji. Picha yako umeshika mpini wa pampu huku umevaa kofia ya uhandisi ni nzuri kwa Instagram. Kwenye makala haina kazi.

Kiingereza nacho si ukuta. AuthorAID wanawaunganisha watafiti wa nchi zetu na washauri wanaosoma rasimu zao, bila malipo. Mhakiki atakusamehe sarufi kabla hajakusamehe jedwali lisilojumlika.

Na majina. Siku hizi majarida mengi ya uhandisi yanataka useme kila mwandishi alifanya nini, kwa mpangilio uitwao CRediT wenye majukumu 14: nani alibuni wazo, nani alikusanya data, nani alichambua, nani aliandika, nani alisimamia. Hebu mwekeni yule mkubwa wa chuoni kwenye hayo majukumu 14 mwone anakaa wapi. Kisha mchukueni fundi. Miaka ya kukusanya na kutunza data, kwa mkono wake, kwa kalamu yake. Mtaniambia hawezi kuandika Kiingereza. Sawa, kaa naye jamvini, msomee rasimu kwa Kiswahili sehemu baada ya sehemu, mwulize anakubali au anapinga, rekebisha anachopinga. Akikataa jina lake liwekwe, hiyo ni haki yake. Lakini aulizwe. Kumpiga picha daftari lake kwa simu, kumnunulia soda, kisha kuondoka, hiyo ni tabia ileile tunayowalaumu nayo wageni kila tukikaa maskani.

Na haya si ya pampu tu. Mchanga wa titani ulichimbwa hapa tangu 2013 mpaka mwisho wa 2024, ardhi ikajazwa na kupandwa tena. Wahandisi wetu wameandika nini kuhusu udongo ule? Yale mawe ya matumbawe tunayojengea nyumba kuanzia Waa mpaka Shimoni, nani amepima nguvu zake machimbo kwa machimbo na kuzichapisha pahali mjenzi anaweza kuzipata? Hoteli za Diani zinavuta maji ya ardhini, na visima vya vijiji jirani vinavuta yaleyale. Kila mojawapo ni makala, na kila mojawapo inaweza kuzikwa ndani ya siku tatu.

Jamaa yangu hakukata tamaa, ingawa alinuna karibu mwaka. Data ya zamani hawezi kuiuza kama mpya, na hatajaribu. Ataitaja waziwazi kwamba iliwahi kutoka. Sasa ameongeza visima vya upande wa Lunga Lunga, amewafuata pia wale ambao pampu zao ziliharibika na hawakumwita fundi, na kipimo cha chumvi amekisahihisha mara ya kwanza kabla hajapanda bodaboda. Mzee naye daftari lake limefika kurasa za mwisho. Juzi wamemnunulia jipya pale Ukunda, la kurasa 200, jalada gumu, na ameshaanza kulalamika kwamba halikunjiki kuingia mfukoni.